Kabla ya Kufika kwa Hakimu: Historia ya Upatanisho wa Ndoa



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu, juma hili tumeona vema tuelekeze tafakari yetu kwenye jambo linalogusa nyumba nyingi, ingawa aghalabu huzungumzwa kwa sauti ya chini. Ni jambo la magomvi ya ndoa, na njia ambazo watu wamezitumia tangu kale kuyamaliza kabla hayajafika mbele ya hakimu.

Wanaofika kwa paroko kwa ajili ya jambo hili huwa wa namna tatu. Wapo wanaotaka kwa moyo wote kupatana, ila hawajui waanzie wapi. Wapo waliokwisha kuamua kuachana, na wanachotafuta ni karatasi ya kuwafungulia mlango wa mahakama. Na wapo wa tatu, wengi wao akina mama, ambao wamekwisha kupatanishwa mara tatu au nne, na kila mara wamerudi wakiwa na majeraha mapya. Kwa hao wa tatu neno "upatanisho" limekuwa neno la kutisha. Kwa ajili yao haitoshi kusema kwamba kupatana ni kuzuri. Yatupasa kuuliza upatanisho wa kweli ulikuwaje hapo kale, uliwekewa masharti gani, na ni mambo gani ambayo haukuruhusiwa kuyagusa. Basi tuifuatilie historia.

1. Kiti cha askofu

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto barua yake ya kwanza katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, aliwashangaa waamini waliokuwa wakishtakiana mbele ya mahakimu wasioamini. Katika sura ya 6 anawauliza kwa uchungu kama kweli kati yao amekosekana hata mtu mmoja mwenye hekima ya kuamua kati ya ndugu na ndugu. Injili ya Mathayo nayo, katika sura ya 18, inatuwekea utaratibu wa hatua tatu: kwanza wahusika wawili peke yao, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, na mwisho mbele ya Kanisa. Tuuangalie vizuri mpangilio huo. Jambo huanzia penye watu wachache, na watu huongezeka pale tu ambapo hatua iliyotangulia imeshindikana. Sisi mara nyingi twafanya kinyume: jirani anajua kabla ya mume, na mtaa mzima unajua kabla ya wasimamizi wa ndoa.

Katika karne ya 3, huko Siria, kiliandikwa kitabu cha maelekezo ya kichungaji kinachojulikana kwa jina la Didascalia. Ndani yake maaskofu wanaagizwa kuyasikiliza mashauri ya waamini siku ya Jumatatu. Sababu yake yapendeza: iwapo mmoja hakuridhika na uamuzi, zibaki siku za kutosha za kulimaliza jambo, ili itakapofika Dominika wote wawili wawe na amani. Kitabu hicho kinaonya pia kwamba upande mmoja usisikilizwe ilhali mwenzake hayupo. Mambo hayo mawili, yaani kutoa muda wa kutosha na kusikiliza pande zote mbili, tutayakuta tena na tena katika historia hii.

Mwaka 318 Kaisari Konstantino aliupa utaratibu huo nguvu ya sheria ya dola. Aliruhusu shauri lililokwisha kufunguliwa kwa hakimu lihamishiwe kwa askofu, na uamuzi wa askofu uheshimiwe. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 4 na katika karne ya 5, watawala waliweka sharti kwamba pande zote mbili ziridhie kwenda kwa askofu. Sharti hilo lina maana kubwa. Mtu aliyeburutwa kwenye upatanisho hajapatanishwa, bali amenyamazishwa.

Anayetuonyesha vizuri zaidi uzito wa kazi hiyo ni Mtakatifu Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba katika nchi ya Algeria, mpaka alipofariki mwaka 430. Possidio, rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba Agostino alisikiliza mashauri ya watu hadi saa ya chakula, na siku nyingine kutwa nzima bila kula. Agostino mwenyewe aliandika kwamba angependa zaidi kufanya kazi ya mikono kwa saa maalumu na kupata nafasi ya kusoma na kusali, kama walivyofanya watawa, kuliko kuzama katika magomvi ya watu. Lakini hakuiacha kazi hiyo. Possidio anatueleza pia kwamba Agostino aliona heri kuamua kati ya watu wasiomfahamu kuliko kati ya marafiki zake. Kati ya wageni wawili angeweza kujipatia rafiki mmoja, yule aliyepewa haki. Kati ya marafiki wawili, alikuwa na hakika ya kumpoteza mmoja.

Maneno hayo yana ukweli mchungu. Kila uamuzi wenye mshindi na mshindwa huacha jeraha. Wafanyabiashara wawili wakishaamuliwa, kila mmoja hushika njia yake. Mume na mke hata wakitengana hubaki baba na mama wa watoto walewale, watakutana kwenye Komunyo ya kwanza ya mtoto, kwenye harusi yake, na pengine kwenye msiba. Ndiyo sababu Kanisa limependelea daima, pale inapowezekana, njia inayowaacha wote wawili wakiwa wanaweza kusalimiana.

Kanisa lilipokuwa na mahakama zake rasmi katika Enzi za Kati, moyo huo haukufa. Mtakatifu Ivo wa Bretagne, huko Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1253 na kufariki mwaka 1303, alikuwa padre na hakimu wa mahakama ya Kanisa. Alisifika kwa kuwatetea maskini bila malipo na kwa kujitahidi kuwapatanisha wenye kesi kabla kesi haijaendelea. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1347, na hadi leo ndiye msimamizi wa wanasheria. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 umeuendeleza msimamo huohuo: kanuni ya 1446 inawataka waamini wote, na hasa maaskofu, wajitahidi kuepusha mashtaka kati ya taifa la Mungu, bila kuivunja haki. Maneno hayo ya mwisho, yaani bila kuivunja haki, tuyaweke akilini.

2. Mkeka wa wazee wetu

Hapa kwetu Tanzania mambo hayakuanza na wamisionari. Katika jamii zetu nyingi ndoa ilikuwa agano la koo mbili kabla ya kuwa agano la watu wawili. Mshenga aliyepeleka posa hakuondoka baada ya sherehe. Alibaki mlango wa kwanza wa kubishwa pindi nyumba ilipoingia moshi. Jambo lililomshinda mshenga lilipelekwa kwenye kikao cha wazee wa pande zote mbili. Mke aliyekimbilia kwao hakurudi vivi hivi. Mume alitakiwa kumfuata akiwa na wazee wake, akae chini, ayasikie malalamiko, na mara nyingi atozwe faini kabla ya kuruhusiwa kuondoka na mkewe.

Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu kikaoni alikuwa na kitu cha kupoteza. Mahali palipotolewa ng'ombe, ng'ombe wale walikwisha kugawanywa kwa wajomba na baba wadogo, na pengine walikwisha kumwolea kaka mtu mke. Ndoa ikivunjika, mahari ilidaiwa. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa na sababu ya kuilinda ndoa.

Lakini hapohapo palikuwa pia na udhaifu wake, nasi hatuna budi kuusema waziwazi. Mzazi aliyekuwa amekwisha kuwatumia ng'ombe aliweza kumsihi binti yake avumilie yasiyovumilika, kwa kuwa hakuwa na cha kurudisha. Wazee waliokaa mkekani kwa kawaida walikuwa wanaume, na mwanamke aliweza kusemewa na wengine katika jambo ambalo mwili wake mwenyewe ndio uliokuwa shahidi. Amani ilipatikana, ila bei yake ililipwa na mmoja. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kwa maandishi sheria za mila kwa jamii nyingi za Tanganyika, zikiwemo kanuni za mahari na kurudishwa kwake. Kuandikwa huko kuliziweka kanuni wazi, lakini hakukuondoa udhaifu huo.

3. Sheria ya mwaka 1971

Nchi ilipopata uhuru, ndoa ziliendeshwa kwa sheria mbalimbali: za Kikristo na za kiserikali, za Kiislamu, na za kimila. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wenye mapendekezo ya kuwa na sheria moja, na baada ya mjadala mkubwa Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara hadi leo. Watunga sheria waliuchukua mkeka wa wazee wakauingiza ndani ya sheria ya nchi.

Sheria hiyo ilianzisha Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 101 kinakataza mtu kufungua shauri la talaka mahakamani kabla ugomvi haujapelekwa kwenye baraza, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 102 kinaagiza baraza liwepo katika kila kata, na kinampa Waziri uwezo wa kuitambua kamati iliyoundwa na jumuiya fulani kuwa baraza la watu wa jumuiya hiyo. Kwa mlango huo kamati za dini nazo zimeweza kufanya kazi hiyo kisheria. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu humo, kwa kuwa wanaotakiwa kuzungumza ni mume na mke wenyewe. Baraza likishindwa, hutoa hati yenye maelezo ya lililoyaona, na laweza kuongeza mapendekezo. Hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa.

Mahakama zimelichukulia sharti hilo kwa uzito. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wa shauri la talaka lililokuwa limekwisha kupita katika mahakama za chini, kwa sababu halikutanguliwa na hati halali ya baraza. Tumfikirie mtu aliyetumia miaka na fedha zake, kisha akarudishwa mwanzo kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa ovyo. Wajumbe wa mabaraza, mwaona uzito wa kalamu mliyoishika.

Hata hivyo sheria haikukifanya kifungu cha 101 kuwa lango la chuma. Iliweka nafasi za kutopita kwenye baraza: mwenzi ametoweka na hajulikani alipo; yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita; amekataa kwa makusudi kufika mbele ya baraza; amefungwa gerezani kifungo cha maisha au cha miaka isiyopungua mitano; ana ugonjwa wa akili usiotibika; au mahakama imeridhika kwamba pana mazingira ya pekee yanayoufanya usuluhishi usiwezekane. Tena sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu hicho kimekuwapo tangu mwaka 1971. Anayesema kwamba kumpiga mke ni mila yetu na haki ya mume, basi anasema kinyume cha sheria ya nchi iliyo na umri wa zaidi ya nusu karne.

4. Yasiyoamuliwa mkekani

Tumeona kwamba Kanisa na nchi vimependelea upatanisho. Sasa tuseme yale ambayo upatanisho hauna mamlaka juu yake.

La kwanza ni kifungo chenyewe cha ndoa. Kanuni ya 1715 inakataza kufanya mapatano ya hiari juu ya mambo yanayohusu manufaa ya umma ya Kanisa, na uhalali wa ndoa ni mojawapo. Mume na mke, hata wakiafikiana kwa furaha, hawawezi kujitangazia kwamba ndoa yao halali ya Kikristo imekwisha. Baraza la kata haliwezi, na hati ya talaka ya serikali haiwezi. Kama kuna shaka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, jambo hilo ni la mahakama ya Kanisa, ambayo taratibu zake zilirahisishwa na Papa Fransisko mwaka 2015. Na hata huko, kanuni ya 1675 inamtaka hakimu, kabla ya kuipokea kesi, awe na hakika kwamba maisha ya ndoa hayawezi tena kurejeshwa.

La pili ni usalama wa mwili na roho. Kanuni ya 1153 inampa mwenzi haki ya kutengana na mwenzake anayemletea, yeye au watoto, hatari kubwa. Kwa kawaida hupata idhini ya askofu, lakini kama kuchelewa ni hatari, aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa kinabaki, ila wajibu wa kuishi nyumba moja unasimama. Papa Fransisko katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 241, alisema kwamba zipo nyakati ambapo kutengana huwa jambo la lazima kimaadili, hasa ili kumwokoa mwenzi dhaifu au watoto wadogo. Kwa hiyo mpatanishi anayemrudisha mama kwenye nyumba ya kipigo kwa kusema "beba msalaba wako" hasemi kwa niaba ya Kanisa. Msalaba huo mama hakutwishwa na Kristo.

La tatu ni haki ya mtu ambayo mkeka umeshindwa kuiona. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ni vikao vingapi vya wazee vilivyokuwa vimemwambia mama kwamba hakuleta kitu? Katika jambo hilo mahakama iliona zaidi ya mkeka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2383, inafundisha kwamba kama talaka ya serikali ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi, yaweza kuvumiliwa na si kosa la kimaadili. Aliyefanya hivyo na akabaki mwaminifu kwa kifungo chake, jumuiya isimtenge. Wala asiogope kuja Altareni.

5. Kwa wapatanishi wetu

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele katika miaka ya 1970, walituletea karibu na nyumba zetu mahali ambapo hatua ya pili ya Mathayo 18 yaweza kutimia. Wasimamizi wa ndoa, wazee wa jumuiya, akina mama wa WAWATA, makatekista: ninyi ndio mnaobisha hodi kabla ya baraza na kabla ya hakimu. Kutokana na historia tuliyoipitia, tunawaomba mambo machache.

Msimalize jambo kwa kikao kimoja. Wakristo wa Siria walitenga juma zima. Sisi twaweza kutenga walau majuma kadhaa. Msikilizeni kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, kwa kuwa mwenye hofu hasemi ukweli mbele ya anayemwogopa. Katika mazungumzo hayo ya faragha, swali la kwanza liwe kama pana kipigo au vitisho. Jibu likiwa ndiyo, kazi ya kupatanisha isimame, na ianze kazi ya kumweka mtu salama: kwa ndugu zake, hospitali, dawati la jinsia polisi. Wala msimlazimishe mtu kutia sahihi mapatano asiyoyataka ili tu kikao kionekane kimefaulu. Mliyoyasikia yabaki moyoni mwenu. Na pale mnaposhindwa, semeni kwa unyofu kwamba mmeshindwa. Kumnyima mtu hati kwa miezi mingi mkidai kuitetea ndoa ni kumfungia njia ya haki, wala hakuiponyi ndoa hiyo.

Nanyi wanandoa, msingoje mpaka ukuta uanguke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wengi wanaofika mbele ya baraza wangeweza kusaidiwa miaka mitatu nyuma, walipoacha kula meza moja. Wakati huo msimamizi wa ndoa alikuwapo, paroko alikuwapo, na aibu ndiyo iliyowazuia. Hakuna aibu katika kuomba msaada mapema. Agostino hakuona aibu kushinda na njaa kwa ajili ya magomvi ya watu wa Hippo, nasi wachungaji wenu hatupaswi kuchoka kwa ajili ya yenu.

Juma hili, katika sala za jumuiya, tuwaombee wanandoa walio katika mtihani, na tuwaombee kwa namna ya pekee wale waliolazimika kuondoka ili waokoe maisha yao. Familia Takatifu ya Nazareti, ambayo nayo ilikimbia usiku ili kumwokoa Mtoto, iwaombee.

Mungu awabariki nyote. Tutakutana tena juma lijalo.